Ukurasa wa Kurudi

Mara ya kwanza nilipomwona Mkutubi, alikuwa anachana kitabu. Nilikuwa msichana wa shule, nimetoka darasani ambako kitabu kimoja tulikigombania dawati zima, na hapo mbele ya macho yangu mtu mzima mwenye miwani na shati lililonyooshwa pasi alikuwa anachomoa kurasa moja moja, kwa utulivu kabisa, na kumkabidhi mama muuza karanga aliyekaa nje ya ofisi ya usharika. Nilisimama mdomo wazi. Nikatazama huku na huku kama kuna mtu wa kumzuia.

"Unashangaa nini?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Mzee, hicho ni kitabu."

"Hii ni karatasi. Aliyeandika hakufika."

Mama wa karanga alicheka, maana yeye alishamzoea. Nilinunua karanga zake, na zikafungwa ndani ya ukurasa uliosifu hoteli za mji fulani wa Ulaya wenye mifereji. Nilizila huku nasoma njia nzima ya kwenda nyumbani, na mpaka nafika mlangoni bado sijaelewa mtu anawezaje kumhukumu mwandishi ambaye hajawahi kumwona, kuhusu mji ambao hajawahi kuukanyaga.

Watu wote wa Bukoba niliowajua walimwita Mkutubi, hata mkewe alipomkasirikia. Alikuwa mwalimu huko Kimwani, Muleba, kwa miaka mingi, na alipostaafu akarudi kwake Nyanga na kukabidhiwa chumba cha kusomea cha usharika. Chumba hicho kilikuwa kinalishwa na maboksi ya vitabu kutoka kwa marafiki wa ng'ambo. Sijui hao marafiki walikuwa wanatuonaje. Tuliomba vitabu vya hesabu na sayansi, wao wakatuletea vitabu vya safari walivyochoka navyo: miongozo ya watalii iliyopitwa na wakati, habari za watu waliotembea jangwani, waliozunguka visiwa vya barafu, waliokula wasichokijua kwenye masoko ya Asia. Mwingine yeyote angevifungia stoo. Mkutubi alivisoma vyote, kimoja kimoja, akavichambua kama mtu anavyochambua maharage.

Vilivyofaulu alivipanga kwenye kabati lenye kioo. Ndani ya jalada la kila kimoja aliandika kwa penseli neno moja: *Alifika*. Vilivyofeli vilikwenda kwa mama wa karanga.

Kipimo chake cha kwanza kilikuwa cha nyumbani. "Ukitaka kumjua mwandishi wa safari," alinifundisha, "usianze na kule usikokujua. Atakudanganya na utafurahi. Anza na ukurasa unaohusu kwenu." Kwa hiyo kitabu chochote cha Afrika Mashariki kilipotoka kwenye boksi, alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa Kagera, kama upo, akausoma amesimama. Siku moja alinisomea mwongozo uliosema Wahaya humpokea mgeni kwa kikombe cha kahawa chungu. Nilimtazama, naye akanitazama. Kwetu mgeni anatengewa kikapu kidogo cha akamwani, punje za kahawa zilizochemshwa kwa majani na kukaushwa, na anazitafuna. Kahawa ya kikombe tumeizoea hotelini. Huyo mwandishi angekaa barazani kwa mtu yeyote Bukoba, hata kwa maskini wa mwisho, angetafuna.

"Basi huyu hakukaribishwa na mtu hata mmoja," alisema Mkutubi, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. "Au hakufika." Mwingine aliandika kwamba senene, wale panzi tunaowasubiri kwa hamu tuwale, ni baa ambalo wenyeji humwomba Mungu awaepushe nalo. Hicho hakikufika hata kwa mama wa karanga. Alikitupa mwenyewe pipani, kisha akatoka nje akasimama kidogo, hasira impungue.

Nchi zisizo na ukurasa wa kwetu alizipima kwa njia nyingine. Aliangalia kama kuna mtu anayemjibu mwandishi. Vitabu vingi, alisema, vina milima na machweo na jengo la kale, lakini wenyeji hawasemi kitu, wanapita tu na mizigo kichwani. Alitaka kusikia mwenye nyumba ya wageni akibisha. Alitaka kujua mwandishi alikula nini, nani alipika, na tumbo lilisemaje. Zaidi ya yote alitaka kujua alipotea wapi. Mstaafu mmoja wa serikali, mtu mzito pale usharikani, alirudi kutoka ziara ya nje akachapisha kitabu chake cha safari kwa fedha yake mwenyewe na kukileta kwa heshima zote, amevaa suti. Mkutubi alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua, akasoma kidogo.

"Ulipotea wapi?" akamuuliza.

"Sikupotea popote. Tulikuwa na basi na kiongozi."

"Basi hukusafiri, ndugu yangu. Ulisafirishwa."

Nilitamani ardhi inimeze. Mstaafu aliondoka bila kuaga, na kwa muda mrefu wakikutana kanisani walikaa pande mbili tofauti. Nilimwambia Mkutubi kwamba amemvunjia mtu heshima, akashangaa kweli kweli. Alisema amemheshimu kwa kukisoma.

Ndivyo alivyokuwa. Kwa kitabu hakuwa na huruma hata chembe, lakini kwa mtu aliyesimama mlangoni kwake alikuwa laini kama ndizi iliyoiva. Hakuweza kumnyima mgeni kitu. Nakumbuka mchana mmoja nipo barazani kwake Nyanga, kijana asiyejulikana akaingia kuulizia nyumba ya fundi cherehani fulani. Mkutubi akamwelekeza bila kusita: pita kibanja kile cha migomba, fuata miti ya kahawa, pinda kwenye bomba la maji. Kijana akaenda, akazunguka migombani, akarudi jasho linamtoka. Mkutubi akamkalisha, akampa akamwani, akamwelekeza upya, upande mwingine kabisa, kwa uhakika uleule.

"Unamfahamu huyo fundi?" nilimuuliza kijana alipoondoka.

"Simfahamu."

Nilibaki namkodolea macho. Mkewe, mama mwenye maneno makali na moyo mwema, alikuwa anamenya ndizi pembeni. "Mzoee," aliniambia. "Huyu baba mbele ya mgeni hajui kusema sijui. Anaona ni kama kumfukuza na njaa. Ee waitu, siku moja atampoteza mtu."

Tulicheka wote watatu. Mkutubi alicheka kuliko sisi.

Kingine kilichonishangaza ni kwamba mtu huyu, aliyewadai waandishi wote wa dunia wafike, mwenyewe alikuwa hapandi chombo cha majini. Ziwa lipo palepale, tunaamka nalo na tunalala nalo, na yeye akiitwa Mwanza alizunguka kwa basi siku nzima, anafika amechoka kama mtu aliyelima. Hakuwahi kueleza kwa nini. Akichokozwa alisema anapenda kuona migomba ikiisha taratibu, na maneno hayo hayakumridhisha yeyote.

Mimi nilikua mikononi mwa kabati lile. Alinikopesha kitabu kimoja kimoja, na kukirudisha hakukutosha. Ilibidi nikae nimweleze nani alizungumza humo ndani na alisema nini, na kama mwandishi alirudi salama alirudije. Hilo la kurudi lilikuwa kipimo chake kikubwa kwa vitabu vya mwongozo. "Kwenda kila mtu anaweza kukueleza," alikuwa anasema, huku akigonga meza kwa penseli. "Soma kwanza ukurasa wa kurudi. Mwongozo unaokupeleka mahali bila kukueleza utarudije, aliyeuandika ni muuaji." Nilipofungua kazi yangu ya kuongoza wageni, chumba kimoja nyuma ya soko na ukurasa mmoja wa mtandaoni, msemo huo niliuandika kwa kalamu nene na kuubandika ukutani. Wageni waliupiga picha.

Kwenye kabati kulikuwa na kitabu kimoja alichokipenda kuliko vyote. Kilikuwa na jalada la kijani, mwongozo wa nchi za ukanda wa ziwa, kimeandikwa na Mzungu mmoja mwenye ndevu ambaye picha yake ilikuwa nyuma. Hicho hakukikopesha. Ulikisoma palepale, yeye akikutazama usoni. Na kweli kilikuwa cha ajabu. Akamwani ilikuwemo, na mgeni alitafuna. Nyasi zinazotandazwa sakafuni zilikuwemo. Ilikuwemo hata namna mama wa Kihaya anavyokunyima jibu mpaka umalize kumsalimu sawasawa. Nilipokisoma mara ya kwanza nywele zilinisimama, maana sikuwahi kuona kwetu kukiandikwa na mtu aliyetupenda. Mkutubi alikuwa anameremeta upande wa pili wa meza kama bwana harusi.

"Huyu," alisema, "alifika."

Ndani ya kitabu hicho kulikuwa na ukurasa wa Goziba.

Goziba ni kisiwa cha Muleba, mbali ziwani, hakifikiki ila kwa boti. Kuna kambi za wavuvi waliotoka kila upande wa ziwa, na sisi wa migombani tunakijua kwa dagaa wake tu. Kitabu cha kijani kilieleza namna ya kwenda, boti inayotoka mwaloni, ufukweni kwa wavuvi, alfajiri na mizigo ya kambi, mchanga mweupe, miamba, ndege. Halafu kilieleza kurudi: kila alasiri boti huvuka na dagaa wakavu, wafanyabiashara wanawahi masoko ya Muleba, na msafiri anaweza kuungana nao akalala Bukoba siku ileile.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka Dodoma, nesi mstaafu, mcheshi, mwenye kofia pana. Alitaka kuona kisiwa kabla miguu haijamkatalia. Alikuwa na kisukari cha sindano, na dawa yake ilikaa kwenye friji ya nyumba ya wageni. Aliniuliza mara mbili kama kweli tutarudi siku ileile. Sikutaka kubahatisha. Nilikwenda chumba cha kusomea, nikamfungulia Mkutubi ukurasa ule, nikamwambia nina mgonjwa wa sukari na nataka kujua kama ukurasa huu ni wa kuaminika.

Aliusoma kama vile hajawahi kuuona. Akafunga kitabu, akakigonga mgongoni kwa penseli.

"Aliyeandika ya Bukoba vile hawezi kudanganya ya Goziba," alisema. "Nendeni."

Tukaenda. Mama alijichoma sindano asubuhi, kichupa akakirudisha frijini kisije kuharibiwa na joto. Boti ya mizigo ilitushusha kisiwani, ikaendelea na safari zake kwenye visiwa vingine. Palikuwa pazuri kama kitabu kilivyosema. Lakini mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani, mingi mno, na wanaume walikuwa wamekaa kivulini wanashona nyavu na kucheza drafti kama watu walio likizo. Vichanja vya kuanikia dagaa vilikuwa vitupu.

Nilimwendea mmoja, mwenye boti, mtu wa Ukerewe mwenye kidole kilichokatika. Nikamuuliza boti za alasiri zinatoka saa ngapi.

"Boti gani, dada?"

"Za dagaa. Za kwenda Muleba."

Akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha. "Dada, mwezi umejaa. Dagaa tunawafuata na taa, kwenye giza. Mbalamwezi hawaji kwenye taa, watu wanapumzika, wengine wameenda makwao. Giza likirudi ndiyo utaziona boti."

"Lini?"

"Mwezi ukipungua."

Nikatoa simu, ambamo nilikuwa nimeupiga picha ukurasa ule wa kitabu. Nikamwonyesha. Akaishika, akaitazama kwa adabu kama mtu anavyotazama picha ya mtoto wa mwenzake, akanirudishia. "Aliyeandika hii," alisema, "alikuwa wapi?"

Mama nesi alipokea habari ile kwa utulivu ulionitisha kuliko kilio. Alinikalisha mchangani akanieleza ugonjwa wake kama anavyomweleza mwanafunzi wa unesi. Atakunywa maji mengi. Atachoka. Atatapika. "Pumzi yangu ikianza kunuka kama ndizi mbivu," alisema, "usinisubiri niombe. Fanya unachoweza." Jioni hiyo hatukuvuka, maana upepo ulikuwa umechafua ziwa, na mwenye boti alikataa katakata kuzamisha watu watatu ili kumwokoa mmoja. Kesho yake asubuhi mama alikuwa anatapika. Mchana nilipoinama kumpangusa, nikaisikia ile harufu. Sijawahi kuipenda ndizi iliyoiva tangu siku hiyo.

Yule wa Ukerewe alikuja akamtazama, akaenda akalitazama ziwa, akarudi. Alianza kusukuma boti, na wenzake wakaacha drafti wakamsaidia. Tulivuka tukipigwa na mawimbi, nimemlaza mama mapajani, na katikati ya ziwa aliacha kunijibu. Niliita jina lake mpaka sauti ikakauka. Kuanzia mwaloni hadi hospitali sikumbuki barabara.

Alipona. Nasema mapema ili usije ukakaa na hofu niliyokaa nayo mimi. Alizinduka, na wanawe wakaja kumchukua, na mkubwa wao alinitazama kwa jicho ambalo bado linanifuata. Mama mwenyewe alinishika mkono. "Huyo aliyeandika," alisema kwa sauti dhaifu, "mtafute umwambie. Kuna mwingine atakisoma."

Nilikwenda Nyanga nikiwa na nguo zilezile. Mkutubi alikuwa barazani, mkewe ametoka shambani anaosha miguu. Nilisimulia yote nimesimama. Nilitegemea amlaani yule mwenye ndevu, achane kitabu kwa mikono yake, na mimi nimsaidie.

"Yuko hai?" aliuliza.

"Yuko hai."

Akavua miwani. Uso wake bila miwani nilikuwa sijauona, ulikuwa mdogo. "Yule Mzungu hakwenda Goziba," alisema.

"Hilo nimeshalijua!"

"Hakwenda popote. Tumbo lilimshika akawa hawezi kutoka. Alikaa hapo ulipo. Mvua ilikuwa inanyesha, mama akampikia uji. Akauliza ya Bukoba, nikamwambia. Akauliza desturi, nikamwambia. Aliandika kila kitu, mwanangu, hakupunguza. Halafu akauliza Goziba."

Sikuelewa. Au nilielewa, nikakataa kuelewa.

"Na wewe ulikuwa umefika Goziba?"

"Hata mwaloni sijafika."

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Kila neno nililolipenda katika kitabu kile, akamwani, nyasi, mama anayesubiri asalimiwe, lilikuwa limetoka kinywani mwake. Tulikuwa tunapima kwa ukurasa wa kwetu kama mwandishi ni mkweli, na ukurasa wa kwetu aliuandika Mkutubi mwenyewe. Ndiyo maana ulifaulu! Na kwa sababu huo ulifaulu, tukaamini na ule mwingine. Nilimtazama yule mzee niliyemwamini kuliko shule zote nilizosoma, nikaona simjui.

"Lakini boti za kila alasiri," nilisema, "hizo ulizitoa wapi?"

"Kimwani. Nilipokuwa nafundisha, wanawake wa dagaa walikuwa wanakuja sokoni jioni kutoka Goziba. Niliwanunulia mwenyewe. Wakati mwingine walipotea siku kadhaa, nikadhani wameenda mnada mwingine." Akaipangusa miwani kwa shati. "Sikuwahi kuwauliza. Miaka yote ile niliwaona siku walizokuja tu."

"Ungemwambia hujui!"

"Alikuwa mgeni wangu. Ameshika kalamu, ananisubiri."

"Na mimi? Mimi nilipokuja na mgonjwa wangu?"

Mkewe ndiye aliyejibu, kutoka kwenye ndoo yake, bila kupandisha sauti. "Ulipokuja alikuwa ameshakisoma mpaka akasahau ni chake. Nilimwambia siku ile, mvua ikinyesha. Nilimwambia, baba, hapo mwambie hujui."

Mkutubi alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha akamwani, akanisogezea. Kwetu huwezi kukataa. Hata watu wenye kesi ya kibanja mahakamani wakitengewa hutafuna. Nilikitazama kile kikapu, nikasimama, nikaondoka. Nyuma yangu nilimsikia mkewe akivuta pumzi kwa mshtuko, na nikajishtukia mwenyewe, lakini sikurudi.

Sikumtembelea tena kwa majuma. Msemo wa ukutani niliubandua. Nilipita mbali na usharika, nikanunua karanga kwa mtu mwingine, na nikisikia jina lake nilimkasirikia na kumkumbuka, vyote pamoja. Kitu kilichonisumbua zaidi ni kwamba kitabu cha kijani kilikuwa bado kinauzwa, na maneno yake ya Goziba yalikuwa yameenea mitandaoni, kila mtu amenakili kwa mwenzake.

Asubuhi moja mkewe akanipigia simu. "Mwanangu, baba yuko kwako?"

"Hayupo, mama."

"Ameondoka alfajiri na sweta na kile kitabu. Nimeuliza hadi kanisani."

Nilikimbilia usharikani. Chumba cha kusomea kilikuwa kimefungwa. Mama wa karanga alikuwa mahali pake, na alinitazama kwa namna ya mtu mwenye habari. "Alipita jana," alisema. "Kaniletea ukurasa mmoja. Miaka yote ananiletea kitabu kizima, jana ukurasa mmoja tu." Aliuchomoa chini ya sinia. Ulikuwa ule wa Goziba.

Mtu wa umri ule, asiyepanda hata meli ya Mwanza! Nilipiga simu yake, haipatikani. Nilimpigia yule wa Ukerewe, ambaye namba yake sitaifuta maisha yangu yote, haipatikani. Nilishinda siku ile nimeishika simu mkononi, mke wa Mkutubi amekaa ofisini kwangu kwenye kiti cha wageni.

Alasiri ikaita.

"Nimefika," alisema Mkutubi.

Upepo ulikuwa mkali upande wake, na alikuwa anapiga kelele kama watu wa zamani wanavyozungumza kwenye simu. Nilianza kumgombeza, nikashindwa, nikalia. Alinisubiri nimalize. Akaniambia alitapika njia nzima, na kwamba mtu wa Ukerewe alimbeba mgongoni kutoka kwenye boti mpaka mchangani, watoto wakacheka.

"Utarudi lini?" nilimuuliza.

"Ndiyo nimewauliza. Mwezi umeanza kujaa. Wanasema hawajui."

"Mungu wangu. Mkutubi!"

"Nina pa kulala, na ugali upo. Una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Aliniambia nifungue ule ukurasa wangu wa mtandaoni, nifute yote ya Goziba, niandike anayonitajia. Kisha akaanza, polepole, kama anatoa imla darasani Kimwani. Kurudi kutoka Goziba. Boti za dagaa zinavuka wakati wa giza. Mwezi ukijaa usitegemee boti, unaweza kukaa siku nyingi. Kabla ya kupanda, waulize wenye boti wenyewe, usimuulize mtu wa Bukoba. Aliponitajia hilo alikohoa kidogo, akaendelea.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma."

Nikamsomea, mkewe naye akisikiliza, amefunika mdomo kwa kanga. Nilipomaliza kulikuwa na upepo tu, nikadhani mtandao umekata.

"Ongeza," alisema. "Mwenye dawa aje nayo yote, hata kama ameambiwa atarudi leo. Hiyo usiiweke chini. Iweke juu kabisa, kabla ya mchanga mweupe, kabla ya ndege, kabla ya kwenda."

Nikaiweka juu.

"Sasa mpe mama simu," alisema, "nimwambie sijui nitarudi lini."